Uzi: Majiji ya kwenye katuni yana sababu zake. Wachoraji wa Mbeya na Iringa, tuchore miji yetu tukizijua sababu zake

Loleza Chini (mleta uzi)

Wakuu, ugonile kwa wa Rungwe, kamwene kwa wa Iringa, na wengine wote salaam.

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba hapa Mbeya, na nikipata muda nachora katuni. Vijana wananiletea kurasa zao niziangalie. Watu wanawachora vizuri kweli: mikono imekaa sawa, sura zina uhai, nguo zinakunjana inavyotakiwa. Shida iko nyuma ya mhusika. Nakuta maghorofa ya vioo yasiyo na mlango, barabara pana isiyo na bodaboda wala mfereji, na anga tupu. Nikiuliza hadithi inatokea wapi, naambiwa Mwanjelwa. Jamani, Mwanjelwa ina sura yake, na sura hiyo haikuja yenyewe.

Hilo ndilo nataka tulijadili. Jiji la kwenye katuni linaaminika pale mchoraji anapojua kwa nini jengo liko pale na kwa nini lina umbo lile. Ardhi ikoje, sheria ilisema nini, nani alikuwa na hela, mvua inanyeshaje, nani analala chumba kipi. Akiyajua hayo, mistari mitano inatosha. Asipoyajua, hata achore madirisha elfu, msomaji anapita tu.

Chukueni Gotham, jiji la Batman. Batman alitoka 1939, na yale maghorofa yake meusi kila mtu anayajua: mapana chini, yanapungua kwa vipandio kadiri yanavyopanda. Umbo hilo halikutoka kichwani mwa mchoraji. Mwaka 1916 jiji la New York lilipitisha sheria kwamba jengo likifika urefu fulani lazima lirudi ndani, ili mwanga na hewa vifike barabarani. Msanifu mmoja aitwaye Hugh Ferriss akachora kwa mkaa, hatua kwa hatua, majengo ambayo sheria ile ingeyazaa, na 1929 akatoa kitabu kizima cha jiji la kesho. Michoro yake ya giza na mwanga imewalea waliochora Gotham baadaye. Ilipokuja filamu ya 1989, Anton Furst aliyeubuni mji ule alipata Oscar, na 1992 wenye katuni wakataka kuihamishia sura hiyo kwenye kurasa zao. Walifanyaje? Wakatunga hadithi ya mtu anayelipua majengo mapya ili yale ya zamani yaliyozibwa nyuma yake yaonekane. Hawakuubadili mji kimyakimya. Walitafuta sababu ndani ya hadithi yenyewe, na mimi nawaheshimu sana kwa hilo.

Sasa njooni Mbeya. Mji ulianza miaka ya 1920 wakati wa Mwingereza, dhahabu ya Lupa ikivuta watu, ukakaa chini ya mlima Loleza. Baadaye barabara kuu ya Zambia na reli ya TAZARA vikapita upande wa chini, na mji ukavifuata. Ndiyo maana leo Mbeya ni ndefu na nyembamba: Mbalizi, Iyunga, Mafiati, Mwanjelwa, Soweto, Ilomba, Sae, Nane Nane, Uyole. Mji umetundikwa kwenye barabara moja. Malori ya Tunduma yanapita katikati ya maisha ya watu, na ukigeuka kaskazini mlima upo palepale, popote ulipo.

Ukishajua hivyo ukurasa unajipanga wenyewe. Mbeya inataka visanduku vya picha virefu vilivyolala, kimoja chini ya kingine, na mstari wa mlima ukatize vyote bila kukatika hata pale mhusika anaposhuka daladala na kupanda nyingine. Pale juu miteremkoni, chora nyumba yenye kozi (safu za matofali) tatu za msingi upande wa mlima na kozi kumi upande wa bonde. Msomaji wa Mbeya akiona msingi huo atajua yuko wapi kabla hajasoma neno.

Nakaribisha michango.

fundi_wa_Sokomatola

Mkuu nimekusoma, lakini niseme ukweli wangu. Katuni ni hadithi. Msomaji anataka kujua nani kamwibia nani na nani anampenda nani. Nani atakaa kuangalia kenchi za paa na linta za madirisha? Lodi Lofa na Madenge kwenye jarida la Sani tuliwapenda kwa vituko vyao. Hakuna aliyeuliza nyumba ya Madenge ina vyumba vingapi.

Loleza Chini

Fundi, swali lako ni la haki na nitalijibu kwa mtu mmoja: Will Eisner, mchora katuni wa Marekani. Mwaka 1978 alitoa *A Contract with God*, hadithi nne za watu wa jengo moja la kupangisha, namba 55 Dropsie Avenue, Bronx, New York. Ni majengo ya aina aliyokulia yeye mwenyewe. Sasa angalia jengo linavyofanya kazi. Kuna hadithi ya mwimbaji anayeingia uchochoro wa nyuma, kati ya kuta mbili ndefu, anaimba huku wapangaji wakimrushia sarafu kutoka madirishani. Ondoa uchochoro ule, hadithi haipo. Kuna nyingine ya msimamizi wa jengo: wapangaji wako juu, yeye anaishi chini kabisa karibu na tanuri, na chuki yote kati yao inapanda na kushuka kwa ngazi. Na ile ya kwanza inaanza na mvua, mvua kubwa inayojaza mitaro hadi jengo linaonekana kama linaelea. Sisi wa Mbeya mvua hiyo tunaijua, inaanza Novemba na kuna miaka Mei bado iko nasi. Kwa nini kwenye kurasa zetu ni jua tu?

Sasa tuje kwako Sokomatola. Chukua nyumba ya kupanga: korido katikati, vyumba vitatu huku, vitatu kule, uani bomba moja na choo kimoja. Kabla hujaandika maneno yoyote, chora ramani yake. Utaona mara moja kwamba wa chumba cha kwanza anajua nani karudi saa ngapi. Wa chumba cha mwisho anasikia kila kinachosemwa uani. Mama mwenye nyumba anakaa barazani, kwa hiyo hakuna mgeni anayeingia bila kuonekana. Nani kamwibia nani? Jibu liko kwenye korido. Mwandishi akijua mlango upi unatazamana na upi, mgogoro nusu umeshaandikwa.

fundi_wa_Sokomatola

Hapo kwenye korido nimekuelewa. Nimejenga nyumba za namna hiyo, na kweli ugomvi mwingi wa wapangaji unaanzia kwenye bomba. Endelea mkuu.

Miyomboni Kaskazi

Kamwene! Mleta uzi umeongea kwa niaba ya Mbeya, acha nami niisemee Iringa.

Iringa haiwezi kukaa kwenye kisanduku cha kulala. Barabara kuu inapita chini, Ipogolo, ng'ambo ya Ruaha Mdogo, halafu unapanda ule ukingo kwa kona hadi unatokea juu mjini. Mgeni akishuka basi usiku pale Ipogolo anaziona taa za mji juu ya kichwa chake. Ukurasa wa Iringa lazima usimame: kisanduku kimoja chembamba kutoka juu hadi chini, mtu mdogo kabisa chini na mizigo yake, mji juu. Hiyo ni picha ambayo Dar haina.

Halafu kuna Boma. Kuna mchoraji wa Marekani, Richard McGuire, ambaye 1989 alichapisha kurasa 6 tu za katuni zinazoonyesha kona moja ya chumba. Kona haisogei. Kinachosogea ni mwaka: ndani ya kisanduku kimoja anatia visanduku vidogo vya miaka mingine, kwa hiyo unaona mtoto wa zamani na mzee wa baadaye wamekaa sehemu moja bila kujuana. Mwaka 2014 aliyakuza mawazo hayo yakawa kitabu kizima, kinachorudi nyuma hadi kabla ya binadamu na kwenda mbele karne nyingi.

Nikiingia Boma la Iringa nafikiria namna hiyo. Wajerumani walilijenga kama hospitali, Waingereza wakalifanya ofisi za utawala, na tangu 2016 ni makumbusho. Kuta ni zilezile nene, matao ni yaleyale. Mchoraji akae kwenye kona moja ya baraza lile na asiondoke. Askari mgonjwa, karani na mafaili yake, mwanafunzi wa leo anayesoma kibao ukutani, wote kwenye kisanduku kimoja. Filamu ingelazimika kukata picha na kurudi, kukata na kurudi. Katuni inawaweka pamoja wote na jicho lako ndilo linaloamua litazame nani kwanza. Kwa jengo lenye historia, sidhani kama kuna sanaa inayoliweza zaidi ya hii.

Loleza Chini

Miyomboni, hicho kisanduku cha Ipogolo nakiona hapa nilipo. Tafadhali kichore.

mwanafunzi_Iyunga

Shikamoni wakubwa. Nasoma usanifu majengo hapa Mbeya, na nashukuru kuukuta uzi huu kwa sababu darasani katuni hatuzigusi. Naomba niongeze watu wawili: Mbelgiji François Schuiten anayechora na Mfaransa Benoît Peeters anayeandika. Baba yake Schuiten alikuwa msanifu majengo na kaka yake Luc pia ni msanifu. Tangu 1983 wametoa mfululizo wa hadithi za miji ya kubuni, na kila hadithi mhusika mkuu hasa ni mji.

Ninayoipenda zaidi ni ya Urbicande, ya 1985. Ni jiji lililopangwa kwa ulinganifu mkali upande mmoja wa mto, huku ng'ambo kumeachwa. Mpangaji wa jiji analetewa mchemraba mdogo wa chuma kisichojulikana, mchemraba unaanza kukua, unatoa mikono, unapita kwenye kuta bila kuzivunja, unakuwa mtandao mkubwa unaounganisha kingo mbili. Watu wanaanza kuupanda na kuvuka. Daraja ambalo wakubwa walilikataa limejijenga. Nilipoisoma nilielewa kitu kuhusu mipango miji ambacho mihadhara haikuwa imenipa: ramani inaweza kuwa nzuri kwenye karatasi na bado ikawa ukuta kati ya watu.

Ya pili ni *Brüsel*, ya 1992. Inazungumzia mji unaobomolewa ili uwe wa kisasa. Nyuma yake kuna Brussels ya kweli, ambako karne ya 19 waliufunika mto Senne uliopita katikati ya mji, na miaka ya 1960 na 1970 mitaa mizima ya watu ikavunjwa kupisha maghorofa ya ofisi. Sasa barabara yetu inapanuliwa kuwa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29. Siipingi barabara, foleni ya Mafiati sote tunaijua. Lakini kila nikiona nyumba yenye alama ya X nyekundu ukutani nafikiri: nani anazichora kabla hazijaondoka? Duka la kona, kibao kilichoandikwa kwa mkono, ngazi ya saruji ambapo watu walisubiri daladala. Ramani ya mhandisi itaonyesha upana wa barabara. Haitaonyesha ile ngazi.

Na Schuiten huyohuyo alipewa kituo halisi cha reli ya chini kule Paris, Arts et Métiers. Tangu 1994 abiria wanashukia ndani ya kuta za shaba zenye madirisha ya duara, kama wako ndani ya nyambizi. Kwa hiyo njia kati ya katuni na jengo inapitika pande zote mbili.

Loleza Chini

Marahaba mwanangu, umenifurahisha sana. Pande zote mbili ndiyo. Wasanifu vijana wa Uingereza walioitwa Archigram walitoa toleo la jarida lao 1964 kwa mtindo wa katuni, na Bjarke Ingels wa Denmark 2009 alieleza miradi ya ofisi yake kwa kitabu cha katuni. Mteja asiyejua kusoma ramani anaelewa visanduku. Mimi mwenyewe nimeanza kuwachorea wateja wangu: hapa unaingia na viatu vya tope, hapa unaviacha, hapa mvua ya upepo inapiga dirisha. Wanaelewa upesi kuliko kwenye ramani.

Kyela kwa Babu

Naomba niulize. Wakanda je? Ile si imetuonyesha jiji la Kiafrika lenye maghorofa na teknolojia? Vijana wakichora maghorofa wanatamani kitu kama kile. Kwa nini tuwakatishe tamaa warudi kuchora msonge?

Loleza Chini

Swali zito hili.

Wakanda ilianza 1966 kwenye katuni za Fantastic Four, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby. Msitu wake wa kwanza ulikuwa wa mitambo, mti ni waya, jiwe ni swichi. Miaka mingi baadaye ikaja filamu ya *Black Panther* ya 2018, na Hannah Beachler aliyeibuni miji yake akawa Mwafrika-Mmarekani wa kwanza kushinda Oscar ya kazi hiyo. Aliweka mapaa ya msonge juu ya minara mirefu, akaweka watu mitaani wakiuza na kununua. Nimeyatazama majengo hayo kwa makini na yana uzuri mwingi. Ninachowaomba vijana ni kwenda hatua moja mbele ya pale. Paa la msonge lilikuwa na kazi: kumwaga mvua haraka, kupitisha moshi wa jiko. Ukiliweka ghorofa ya hamsini, liambie lifanye nini huko. Likusanye maji? Litoe joto? Ukipata jibu, umebuni jengo. Usipopata, umeweka kofia.

Na tusidhani kujua mahali ni kwa mwenyeji peke yake. Hergé, Mbelgiji aliyechora katuni za Tintin, alichora Kongo mwaka 1930 bila kufika huko, na matokeo yake ni vibanda na Waafrika wa kudhalilishwa, aibu hadi leo. Miaka michache baadaye, alipotaka kuichora Shanghai, alikaa na mwanafunzi wa sanaa Mchina, Zhang Chongren, akamsikiliza. Mitaa ikawa mitaa, na vibao vya madukani vikaandikwa Kichina cha kweli. Mchoraji ni yuleyule.

Mwakaleli Juu

Ugonile. Huyo ndugu wa Kyela kasema "warudi kuchora msonge" kana kwamba kwetu kulikuwa na msonge tu na hapakuwa na mipango. Wanyakyusa tulikuwa na vijiji vya rika. Vijana wa kiume wakifika miaka kama kumi hivi wanatoka kwa baba zao, wanajenga vibanda vyao pembeni, wakikua wanaoa palepale, na kile kibanda cha watoto kinageuka kijiji kamili. Mtafiti Monica Wilson aliandika kitabu kizima juu ya hilo, kilitoka 1951. Huo ni mpango miji: unajua utajenga wapi, na nani, na lini wazee watawaachia nchi. Nyumba za mianzi, migomba kuzunguka, njia zimefagiwa. Mtu achore katuni ya vijana kumi wanaojenga mji wao wa kwanza, ukurasa kwa ukurasa mji unakua nao. Huko kuna hadithi ya kutosha vitabu vitatu.

Miyomboni Kaskazi

Umenena. Na Wahehe nao: tembe ni nyumba ya pembe nne, paa bapa la udongo, uwanja katikati na mifugo ndani. Ngome ya Mkwawa, chifu wao, pale Kalenga ilikuwa na ukuta wa mawe, Wajerumani wakaiteka Oktoba 1894. Mtoto wa Iringa akiambiwa achore mji wa Mkwawa anachora vibanda vya duara kwenye nyasi, kwa sababu ndivyo alivyoona kwenye picha za watu wengine. Ukuta haupo, uwanja haupo, paa bapa ambalo mlinzi angeweza kusimama juu yake halipo. Vita nzima ya Kalenga haiwezi kuchorwa bila ukuta ule.

Kyela kwa Babu

Nimepokea. Hivyo vijiji vya rika bibi yangu alikuwa akivitaja, sikuwahi kufikiri kama ni mpango wa mji. Lakini bado natetea maghorofa. Kijana wa Mbeya ana haki ya kuota Mbeya ya mwaka 2080.

mwanafunzi_Iyunga

Anayo, na mfano upo. Mjapani Katsuhiro Otomo alianza katuni yake *Akira* mwaka 1982 na kuuweka mji wake, Neo-Tokyo, mwaka 2019, juu ya ghuba ya Tokyo. Msanifu Kenzo Tange alishapendekeza 1960 kwamba Tokyo itanuke kuelekea ghuba hiyohiyo. Ndoto ya katuni ilisimama juu ya swali la kweli la wapangaji wa mji: ardhi imeisha, twende wapi? Swali la Mbeya ni hilohilo. Mlima kaskazini, mabonde pembeni, barabara moja. Mwaka 2080 tutapanda mlima au tutaongeza urefu hadi tugusane na Songwe? Hapo ndipo ghorofa lako linapata pa kusimama.

Kyela kwa Babu

Sawa kabisa. Hilo nalitaka.

Mama wa Kabwe

Mimi si mchoraji, nauza chakula jioni. Nimesoma yote. Mbona mnachora majengo tu? Mahali pangu mchana ni maegesho, jioni ni meza, majiko na mabenchi, usiku wa manane pamefagiwa. Jengo hakuna, lakini watu wanapajua.

Loleza Chini

Mama, mchango wako ni mkubwa kuliko unavyofikiri. Marguerite Abouet wa Ivory Coast na mchoraji Clément Oubrerie walianza 2005 katuni za binti aitwaye Aya, anayeishi mtaa wa Yopougon, Abidjan, mwishoni mwa miaka ya 1970. Humo kuna uwanja wa soko ambao usiku, meza zikiwa tupu, wapendanao wanakutana hapo, na vijana wameupa jina la Hoteli ya Nyota Elfu. Hakuna jiwe lililoongezwa. Saa imebadilika tu, na soko limekuwa mahali pengine. Kabwe yako ni hivyo. Anayetaka kuichora achore kisanduku kilekile mara tatu, saa nane mchana, saa moja jioni, saa sita usiku, bila kusogeza nguzo ya umeme hata kidogo.

fundi_wa_Sokomatola

Mkuu, kijana wangu yuko kidato cha tatu, anachora kila siku. Aanzie wapi? Usimpe vitabu vya ughaibuni, hatuvipati.

Loleza Chini

Vitabu vitakuja. Kwanza achague mtaa mmoja anaoupita kwenda shule. Apime kwa hatua zake: upana wa barabara, umbali wa baraza hadi mfereji, fremu za maduka ni ngapi kabla ya kona. Achore ramani yake kutoka juu, hata kama ni chafu, aibandike ukutani. Kila kisanduku atakachochora baadaye lazima akioneshe kwenye ramani hiyo: mhusika amesimama hapa, anatazama huku. Akifanya hivyo hatakosea mlango uko kulia au kushoto, kosa ambalo naliona kwenye kurasa nyingi.

Pili, mlango. Mlango wa kawaida una urefu wa kama mita mbili. Mtu mzima akisimama mlangoni, juu ya kichwa chake ibaki nafasi ndogo tu. Ukiushika mlango, ghorofa, ukuta, nguzo vyote vinapata kimo chake.

Tatu, paa. Akae siku ya mvua aangalie maji yanaanguka wapi: yanatoka kwenye bati, yanachimba mstari ardhini, yanaingia kwenye mfereji au kwa jirani. Achore huo mstari uliochimbika chini ya ukingo wa bati.

Akimaliza ukurasa mmoja wa mtaa huo, hata bila mtu ndani, aupige picha aulete hapa. Fundi, wewe ukague misingi na kozi. Mwanafunzi wa Iyunga aangalie ramani. Miyomboni, kile kisanduku cha Ipogolo bado tunakidai.

Miyomboni Kaskazi

Nimeshapiga mistari ya penseli. Swali moja: kona za kupandia, nizichore zote au mbili zinatosha?

Loleza Chini

Zote. Anayepanda na mzigo anazihesabu.